UZI: Kuchagua dishi la linki ya maikrowevu yenye leseni, ukanda wa Arusha na Moshi

FundiMnara_AR (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Swali ninaloulizwa zaidi na mafundi wa mitandao huku Kaskazini ni hili: "Nimeachana na giga 5 (GHz 5) ya bure, naomba masafa TCRA (mamlaka ya mawasiliano), sasa nichukue dishi la sentimita 60 au la mita 1.2?" Kumjibu mmoja mmoja nimechoka. Naweka hapa, mwenye la kuongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwenye linki yenye leseni (njia ya redio kati ya madishi mawili yanayotazamana), ukubwa wa dishi ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na kwa Arusha ndiyo nzito zaidi, ni namna dishi linavyonyamaza pembeni na nyuma. Watu wanafungua karatasi ya vipimo, wanaona namba ya geini (dishi linavyokuza mawimbi kule linakolenga, kwa dBi), wanaifunga na kwenda kulipia.

Haya, tuanze na ukubwa maana ndicho mnachokitaka.

Geini inapanda na kipenyo, na inapanda na masafa. Kwenye giga 18, dishi la sentimita 60 linatoa kama dBi 38, la mita 1.2 kama 44. Kipenyo kikiwa mara mbili unapata dB 6, yaani nguvu mara nne, na kwa kuwa linki ina ncha mbili unavuna 12. Dishi la mita 1.2 la giga 7.5 linakupa karibu dBi 37 tu, ndiyo maana zile linki ndefu za masafa ya chini unaziona na madishi kama sinia za pilau ya harusi.

Chukueni ramani. Arusha mjini hadi Usa River ni kama km 19 kwa mstari ulionyooka. Kwa giga 18, upotevu wa njia peke yake ni dB 143. Redio ikitoa dBm 20, madishi ya 60 pande zote yatakupa mapokezi ya kama -46, ya mita 1.2 yatakupa kama -34 (namba ikikaribia sifuri, mapokezi ni makali zaidi). Kiangazi zote mbili zinapiga kazi, mteja anacheka, unalipwa.

Sasa ngoja masika. Mvua ya milimita 60 kwa saa, ile ya Aprili inayowafanya bodaboda wote wajibanze kwenye vibaraza vya maduka, kwenye giga 18 inakula takriban dB 6 kwa kila kilomita inayonyeshewa kama mawimbi yako yanatikisika kwa mlalo, na chini ya 5 kidogo kama ni ya wima. (Tone la mvua kubwa linaposhuka linabonyea, linakuwa pana kuliko urefu wake. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, omba wima.) Mvua kali haishiki km 19 zote kwa mpigo, ila ikishika 5 tu, dB 25 hadi 30 zimekwenda. Redio nyingi kwenye 256QAM (mpangilio wa kasi kubwa) na chaneli ya MHz 55 zinaanza kuachia kwenye -60 na ushee. Dishi la 60 lina akiba ya dB 17 hivi: litakuwa limeshuka hadi kasi ya chini kabisa au limekata. La 1.2 lina kama 29, litakuwa linapigania roho.

Kwa umbali huo mimi giga 18 siipendi kabisa, hata kwa dishi kubwa. Ningeomba giga 11. Mvua ile ile inakula dB 2 hadi 2.5 kwa kilomita. Giga 7 au 8 ni karibu dB 1 tu. Dishi haliwezi kurekebisha masafa yaliyochaguliwa vibaya. Hilo ndilo la kwanza kuamua, dishi linafuata.

Tuje kwenye nusu ya pili.

Simama kwenye paa lolote mjini Arusha uangalie minara inakotazama. Kaskazini una Meru, mita 4,566, hakuna anayerusha kitu kuivuka. Kwa hiyo kila mtu anayepeleka intaneti upande wa mashariki anapita ukanda mmoja kusini ya mlima. Piga uelekeo kutoka mjini: Usa River ni kama nyuzi 90, KIA kama 99, Moshi iko kwenye 88 au 89. Kampuni za simu, watoa intaneti, mabenki, wote wamejazana ndani ya nyuzi kumi hizo.

Maana yake nini? Jirani yako ana linki ya kwenda uwanja wa ndege kwenye chaneli ileile uliyoiomba wewe. Redio yake ya kule KIA inatazama Arusha kwa nguvu zote, na mawimbi yake yanalifikia dishi lako yakiwa pembeni kwa nyuzi 9 tu kutoka unakolenga. Kama dishi lako kwa nyuzi 9 bado linasikia vizuri, chaneli hiyo hupati. Au unaipata kwa masharti ya kupunguza nguvu, na akiba yako ya mvua inaondoka na masharti hayo.

Hapo ndipo yanapoingia madaraja ya ETSI (shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya), kile kiwango cha EN 302 217-4, yanayopima dishi linavyonyamaza pembeni na nyuma. Daraja la 1 ni legevu, la 4 ndilo kali kuliko yote. Dishi la wazi, bakuli tu na fida yake katikati (kile kipande kinachorusha na kupokea mawimbi ya bakuli), mara nyingi linaishia daraja la 2. Lile lenye ukuta wa bati kuzunguka ukingo, ndani limepakwa sponji nyeusi ya kumeza mawimbi na mbele limefunikwa redomu (kifuniko kinachopitisha mawimbi), linafika la 3. La 4 lina fida iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi na bei yake unaijua. Ushauri wangu: mjini Arusha, na mjini Moshi pia, daraja la 3 liwe ndipo unapoanzia. Ncha ya shambani kule Monduli ambako huna jirani unaweza kuwa mlegevu, ila kwanza uliza hesabu za masafa zinasemaje.

Jambo jingine. Dishi linakwenda na maombi ya leseni pamoja na koordineti za ncha zote mbili, kimo, uelekeo, nguvu, na kama mawimbi ni wima au mlalo. Ukishapewa masafa kwa dishi la daraja la 3, ukaenda kufunga la 2 kwa kuwa limepatikana kwa bei poa Kariakoo, unachorusha si kile ulichoombea.

Karibuni.

---

Chalii_Sakina

Nondo hizi mkuu. Nina swali la njaa njaa kidogo. Kuna jamaa wamefumua mnara, wananiuzia madishi mawili ya mita 1.2, yana ukuta na redomu, kama mapya. Ila ni ya giga 15. Mimi nimepewa 18. Si dishi ni dishi?

---

FundiMnara_AR

Chalii, bakuli ni bakuli, ila fida si fida. Ile fida ya katikati imekatwa kwa bendi yake. Fida ya 15 ukiilisha 18 inarudisha nguvu kwenye redio, na umbo la mwale linaharibika. Kama mtengenezaji anauza fida ya giga 18 kwa modeli ileile ya bakuli, na sehemu ya kuchomekea redio inakubaliana na redio yako, hapo mna mazungumzo. Kama hakuna, achana nayo.

Na ukinunua la mkononi, usiangalie rangi. Pitisha kiganja ndani ya bakuli. Kwa giga 18 wimbi lina urefu wa milimita 16 na kitu, kwa hiyo bonde dogo la milimita mbili tatu lililotokana na kuangushwa kwenye lori tayari limekula geini na limeamsha miale ya pembeni (mawimbi yanayovuja nje ya unakolenga). Daraja la 3 kwenye kibandiko halisaidii tena. Angalia pia sponji ya ndani ya ukuta kama haijabanduka, na redomu kama haijachanika. Maji yakiingia kwenye fida utatafuta mchawi mwezi mzima.

---

Dada_RF

FundiMnara, nakubaliana na mengi ila hapa kwenye "mita 1.2" naomba nikupinge kidogo, maana wadogo zetu watasoma na kukimbilia kubwa.

Dishi la mita 1.2 kwenye giga 18 lina mwale wenye upana wa karibu nyuzi 1. La 60 lina karibu 2. Mnara wa chuma wa miguu minne hauna shida. Lakini wengi humu hawana mnara, wana bomba lililofungwa kwa waya juu ya jengo la ghorofa tatu Kijenge au Njiro. Eneo la bakuli la 1.2 ni mara nne ya la 60, na nguvu ya upepo inafuata eneo. Kwa upepo wa km 200 kwa saa, ambao ndio watengenezaji wengi wanautumia kwenye karatasi zao, la 1.2 linasukumwa kwa uzito wa kama kilo 250 na zaidi. Huhitaji upepo huo kufika matatani. Upepo wa kawaida wa Agosti ukilipindisha bomba kwa nusu nyuzi, umeshapoteza nusu ya nguvu ncha hiyo, na linki inapanda na kushuka kutwa nzima huku anga ni jeupe.

Mimi kwa paa ningechukua la sentimita 90 la daraja la 3, nikapata dB 3.5 zaidi ya la 60 kila ncha, na bomba likatulia. Waya za kushikilia zikilegea, geini ya kwenye karatasi haina maana.

Kuhusu nyuzi kumi za mashariki, umesema kweli tupu. Naongeza mawili.

La kwanza, kama una mpango wa kurusha wima na mlalo kwa pamoja kwenye chaneli moja ili upate mara mbili ya kasi, usitazame geini, tazama namba ya kutenganisha wima na mlalo. Angalau dB 30, na yapo yanayofika 40. Na ulengaji uwe wa katikati kabisa ya mwale, maana utenganisho huo ukienda pembeni kidogo unaporomoka haraka kuliko geini.

La pili, kituo kimoja kirushe upande mmoja wa bendi (kwenye kila linki ncha moja inarusha nusu ya juu, nyingine nusu ya chini). Kama paa lako Arusha linarusha kwenye nusu ya juu kwenda Usa River, linki yako ya pili kutoka paa hilohilo kwenda Ngaramtoni nayo irushe nusu ya juu. Ukichanganya, redio moja inarusha pale ambapo mwenzake wa mita mbili pembeni anajaribu kusikia. Daraja la 4 halitakuokoa hapo.

---

FundiMnara_AR

Dada, kwa bomba la paani nimekubali, 90 ni jibu zuri. Mimi nilikuwa na mnara kichwani. Kwa km 19 za giga 11 lakini, 90 utaiona inalia kwenye mvua.

---

Dada_RF

Italia, haitakufa. Mteja wa shule anavumilia kushuka kasi kwa robo saa mwezi wa nne. Mteja wa benki ndiye unayemjengea mnara, na ndiye mwenye hela ya mnara.

---

MangiWaKibosho

Natia timu kutoka Moshi. Nina kazi ya kutoka Moshi mjini hadi kituo cha afya huku juu Kibosho, km 9. Mjini tuko kama mita 850, huku kama 1,400. Kutoka paani nakuona kabisa kule juu, ila mbele ya kituo kuna kihamba cha mtu: kahawa, migomba na mistari ya migrivelea. Pia kuna huu ukungu wa Juni na Julai, watu wananiambia utaua linki. Nikichukua dishi kubwa si litapenya?

---

FundiMnara_AR

Mangi, ukungu hauna shida na giga 18 kwa km 9. Matone yake ni madogo mno ukilinganisha na wimbi. Wanaokuambia hivyo labda wamezoea linki za mwanga, zile kweli ukungu unazifunga.

Mti ndio tatizo lako, na dishi kubwa halipenyi mti. Jani lililolowa ni ukuta. Na mgrivelea unajua unavyokua: leo uko chini ya mstari wako, masika mbili zijazo uko juu.

Kazi yako iko mita 500 za mwisho upande wa kituo. Hapo eneo la Fresnel (nafasi inayouzunguka mstari wa mawimbi) lina nusu kipenyo cha kama mita 2.8, na unatakiwa kuacha wazi asilimia 60 yake, yaani mita 1.7 hivi juu ya kilele cha mti. Katikati ya njia ni zaidi, mita 3.7, ila kwa mteremko huo katikati uko juu sana hewani, hakuna kinachogusa. Kwa hiyo usipime tu kama "naona". Pima kilele cha mti mrefu kuliko yote kwenye mstari, ongeza hizo mita 1.7, ongeza ukuaji wa miaka kadhaa, ndipo ujue bomba lako pale kituoni liwe refu kiasi gani. Mwenye kihamba mkae mkubaliane mapema kuhusu kupunguza matawi, na iwe kwa maandishi.

Dishi? Km 9 na akiba ya mvua, 60 kila upande inatosha kwa giga 18 ukirusha wima. Jambo moja watu wa mlimani wanalisahau: kwa tofauti hiyo ya mwinuko la Moshi litaangalia juu kama nyuzi 3.5, la Kibosho litaangalia chini kiasi hichohicho. Mwale wa 60 ni nyuzi 2. Ukifunga dishi limenyooka kama ulivyozoea tambarare, hutapata kitu, utazungusha kushoto na kulia mpaka jioni ukidhani redio imekufa. Weka pembe ya juu-chini kwanza kwa kipimo, ndipo uanze kuzungusha.

---

MzeeWaMawimbi

Vijana hamjambo. Nimestaafu lakini nasoma.

Mmesema vizuri ila hamjagusa maji na tambarare. Ukirusha kutoka miteremko ya Kilimanjaro kwenda kusini, mstari ukapita juu ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ule uso wa maji unakurudishia wimbi la pili. Linafika kwenye dishi limechelewa kidogo na linapingana na la kwanza. Usiku hewa ikitulia linki inazama, asubuhi jua likishachanganya hewa inarudi, na fundi akifika saa nne anakuta kila kitu kizima. Mvua haipo, upepo haupo.

Hapo dishi kubwa lina faida ambayo si geini. Mwale mwembamba unalenga ng'ambo na unagusa maji kidogo. Sisi tulikuwa tunaliinua dishi juu kidogo kuliko kilele cha mapokezi, tunakubali kupoteza dB 1 au 2 ili wimbi la majini lipungue zaidi ya hapo. Ikishindikana, madishi mawili ncha moja, moja juu ya jingine kwa mita kadhaa, redio inachagua linalosikia vizuri. Mtakaporusha km 40 kwa giga 7 mtakumbuka pia kwamba dunia ni mviringo: katikati ya njia hiyo imevimba mita 23 na ushee, na Fresnel inataka mita 12 nyingine juu yake.

---

Chalii_Sakina

Shikamoo mzee. Hiyo ya usiku na asubuhi nimeiona kwa macho yangu, tulibadilisha redio bure.

---

MzeeWaMawimbi

Marahaba mwanangu. Bado mtabadilisha nyingi.

---

Mpita_Njia_Rau

Na giga 80? Naambiwa dishi la sentimita 30 tu linatoa kasi ya gigabiti kumi.

---

Dada_RF

Linatoa, kwa km 1 au 2. Mvua ileile ya milimita 60 inakula karibu dB 20 kwa kilomita. Rau hadi Moshi mjini unaweza, Boma Ng'ombe sahau. Na dishi la 60 kwa giga 80 lina mwale usiofika nusu nyuzi, kwa hiyo bomba lako liwe kama limepandwa na serikali.

---

Chalii_Sakina

Swali la kulenga sasa. Nimefunga linki ya giga 18, hesabu inasema -38, mimi nimekwama -59. Nimezungusha kushoto inashuka, kulia inashuka. Kilele ni hicho. Redio mbovu?

---

FundiMnara_AR

Tofauti ni dB 21. Redio mbovu haikosei kwa namba nzuri hivyo. Umekaa kwenye mwale wa pembeni wa dishi moja, na mwale wa pembeni nao una kilele chake, ndiyo maana kushoto na kulia kote kunashuka.

Ncha moja itulie kabisa, mkono usiguse. Ncha nyingine, chomeka malitimita kwenye tundu la volti la redio. Legeza boliti za kuzunguka, ziache zibane kiasi cha dishi kusogea kwa kusukuma. Shika spana kwenye boliti ndefu ya kurekebishia, zungusha robo robo, subiri volti itulie kabla ya robo inayofuata. Usiishie kwenye kilele cha kwanza. Pita, acha volti ianguke, endelea kwa nyuzi tano sita mpaka uone inapanda tena. Ukivuka kutoka upande hadi upande utakutana na vilele vitatu: kidogo, kikubwa, kidogo. Kaa kwenye kikubwa. Kisha fanya hivyohivyo juu na chini, maana unaweza kuwa katikati kwa kushoto-kulia na bado uko kwenye mwale wa pembeni kwa juu-chini. Baada ya hapo mtu wa ncha ya pili afanye, na wewe usiguse.

Ukishabana boliti, soma volti tena. Kubana kunavuta dishi.

---

Chalii_Sakina

Tumepanda leo. Ilikuwa juu-chini, upande wa mteja. Tuko -39. Asante kaka.

La mwisho, bomba la kufungia hilo la 90 alilosema Dada, ninunue la inchi ngapi? Fundi wa kuchomea hapa Unga Limited ananipa la inchi tatu.

---

FundiMnara_AR

Soma karatasi ya dishi lako, ila mengi ya ukubwa huo kibano chake kimepimwa kwa bomba la milimita 114 kwa nje. Hilo ndilo bomba la inchi nne la dukani. La inchi tatu kwa nje ni 89, kwenye vibano vingine linaingia, lakini linapinda mapema na kibano kinashika kwa meno machache. Chukua la inchi nne lenye ukuta mnene, lililopakwa zinki, na mwambie fundi asichomee kitu sehemu ambayo kibano kitakaa. Waya wa radi uende chini peke yake, usiufunge kwenye waya wa umeme wa jengo huko paani. Kama jengo liko Kisongo karibu na uwanja, kabla ya kuongeza kimo waulize watu wa usalama wa anga, TCAA. Picha ya kibano ukikifunga itume hapa tuione.